Nta ya Kunyamazisha Gari

Nimeshona viti vya magari hapa Ipuli kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuletewa gari na mpuuzi kama Octavian. Wengine huja kwa sababu kiti kimechanika, au mbuzi amekojolea zulia, au kitambaa cha dari kimelegea mpaka kinampapasa dereva utosini. Hizo ni shida za watu. Octavian alikuja kwa sababu gari lake lilikuwa linalia.

Si injini. Injini ilikuwa nzima, ikinguruma vizuri tu. Kilicholia ni plastiki za ndani. Kulikuwa na mlio mdogo kwenye kisanduku kilicho mbele ya abiria, mwingine mlangoni, mwingine nyuma ya viti, na wa nne ambao mwenyewe aliuita "ule wa kuhamahama". Alikuwa ameiandika yote kwenye simu, kila mlio na mwendo wake: huu unaanza kwenye sitini, huu kwenye themanini, huu ukikanyaga breki. Alinisomea orodha nzima nikiwa nimeshika sindano, na kila alipomaliza mlio mmoja alinitazama kama anayesubiri pole.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la spoti, la viti viwili, tena fupi kiasi kwamba ili uingie lazima uchuchumae kwanza kama mtu aliyebanwa haja porini. Mwanamume wa miaka arobaini na moja alilitoa Dar es Salaam mpaka Tabora, makorongo na yote, eti gari la kuolea. Ukiwa na mke, mtoto na gunia moja la mchele, mmoja wao anabaki stendi.

Ningemfukuza siku ileile. Bahati mbaya alikuwa anamwoa dada yangu.

Hapo inabidi niseme ukweli, maana sasa kuficha hakunisaidii kitu. Mke wangu Consolatha alifariki miaka sita iliyopita, na Koleta, dada yangu anayenifuata, akahamia kwangu. Akawalea wanangu wawili, akapika, akanifulia nguo zenye gundi ambazo hata mimi nisingezishika. Nilizoea. Sikutaka aondoke. Lakini nadhani angekuja mwanamume wa maana ningelia kimoyomoyo nikampa baraka. Huyu kazi yake ni kukaa kwenye chumba cha redio kisichopitisha sauti, amevaa vidude masikioni, anasikiliza watangazaji wakipumua. "Masikio yangu ndiyo jembe langu, shemeji," aliniambia siku ya kwanza. Nikamtazama juu mpaka chini. Viganja vyake vilikuwa laini kuliko velveti niliyokuwa nakata.

Alinichukua kwenye barabara ya Kwihara ili nisikie mwenyewe. Kabla hatujatoka alinikataza kuzungumza. Mkono mmoja usukani, mwingine kaukandamiza kwenye dashibodi kama anayempima mgonjwa homa, na shingo kaipinda. Barabara ileile walipita wapagazi na pembe za ndovu mabegani, ngoma mbele, kengele, watu mamia wakiimba mchana kutwa kutoka Ujiji kwenda pwani, na sijasikia kwamba kuna aliyesimamisha msafara eti kuna kitu kinagongagonga. Octavian alisimama mara saba. Mara zote saba alishuka, akazunguka, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kitambaa, akasema, "Umeusikia huo?"

"Nimeusikia," nilimjibu. Sikuwa nimesikia kitu.

Kilichonichoma zaidi ni habari ya bangili. Koleta ana bangili mbili za shaba alizoachiwa na bibi yetu, hazivui hata akifua. Octavian alimwomba azivue kila wanapopanda gari, ili asikilize vizuri. Akavua! Tena aliponisimulia alikuwa anacheka, mwanamke mwenye akili zake timamu. "Kila mtu na lake, kaka," alisema. "Huyu angalau anasikiliza kitu." Nilisonya nikatoka nje.

Basi nikaanza kazi. Jamaa alikuwa amekuja na utepe wake wa manyoya kutoka ng'ambo, na video ya Mzungu mmoja inayofundisha kuubandika. Niliubandika vilevile kama Mzungu alivyotaka. Jua la Tabora likaunyofoa siku ya pili, gundi ikatiririka kama makamasi. Octavian akarudi na orodha mpya ya milio sita.

Ndipo nikaikumbuka nta. Marehemu baba alikuwa mfuga nyuki huko Kwihara, na kwenye stoo yangu kulikuwa na donge lake kubwa la nta, bado linanukia asali na moshi. Plastiki mbili zikisuguana, ukiweka kitu chenye nta katikati zinanyamaza. Nilichana blanketi kuukuu, nikalowesha vipande kwenye nta iliyoyeyushwa, nikavisokomeza kila mahali: chini ya dashibodi, ndani ya milango, na vingi zaidi nyuma ya viti, palipokuwa na uwazi mkubwa. Nilifanya kazi hiyo siku mbili.

Sasa sikilizeni. Mtoto wa mfuga nyuki anajua kwamba mzinga mpya hupakwa nta kwa ndani ili nyuki wavutiwe na harufu waingie. Hilo halifundishwi, unakua nalo. Na ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, miombo imechanua, makundi yanahama kutafuta makazi. Nililikumbuka hilo nikiwa na brashi mkononi. Nikacheka peke yangu, nikasema wakija waje, wamdunge hayo masikio yake. Kisha nikaendelea kupaka.

Gari lilinyamaza. Octavian alienda nalo mpaka karibu na Nzega, akarudi macho yamelowa, akanikumbatia mbele ya wateja. "Shemeji, nimesikia pumzi yangu mwenyewe," alisema. Nilimwambia hongera. Mtu mzima analilia pumzi yake.

Jumapili iliyofuata ndoa yao ilitangazwa kanisani mara ya pili, na baada ya misa tukaenda Kwihara kumwona mama yetu, Mektilda. Wao wawili kwenye gari, mimi na pikipiki yangu nyuma, nikila vumbi lao. Octavian aliegesha uani karibu na ghala, akaacha vioo wazi kidogo, eti plastiki zipumue. Akamsalimia mama kwa mbali, amechuchumaa, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. Hilo alilijua, sina budi kukubali. Mama na Koleta wakala ndani, mimi na yeye tukala barazani, maana mkwe hali na mama mkwe wake.

Nilikuwa nimeelekea gari. Tukiwa bado tunakula, nikaona nyuki watano wanazunguka kwenye kioo. Wakaingia, wakatoka. Baadaye wakawa kumi na zaidi. Mwenzangu alikuwa ananieleza jinsi friji ya kwao Dar inavyomnyima usingizi. Niliendelea kutafuna.

Tulipomaliza kula, Koleta alimchukua Octavian kumwonyesha kaburi la baba, kule mwisho wa shamba la mihogo. Mama alikuwa ndani. Nikabaki barazani peke yangu, na hapo ndipo kundi lenyewe lilipofika. Lilikuja likivuma kutoka upande wa msitu, likatanda juu ya gari, likaanza kuingia kwa ule upenyo wa kioo. Sidhani kama ilifika robo saa. Wote walijipanga nyuma ya viti, kwenye nta ya baba, na uani pakatulia. Mimi nilikuwa nachokonoa meno.

Nilikuwa na hesabu zangu. Octavian hakuwahi kumpakia mtu kabla ya kukaa ndani mwenyewe na kuwasha gari, dakika mbili tatu, ili asikilize. Ataingia peke yake, nilijisemea, watampa vidonge vyake, atatoka mbio anapiga kelele mbele ya mkwewe, na Koleta ataona alichokuwa anataka kuolewa nacho. Nilikuwa na furaha, nisidanganye.

Lakini siku hiyo mama alisimama mlangoni kuwaaga, na Octavian akataka kuonekana mstaarabu. Akamfungulia Koleta mlango kwanza. Akamsaidia kuketi, akamfunga mkanda, akafunga mlango. Akazunguka upande wa dereva, akaingiza mkono akawasha injini, kisha akaganda pale pale nje, shingo kaipinda.

"Koleta," alisema, "kuna mlio mpya. Kama unavuma hivi. Hebu piga kidogo nyuma ya kiti chako nisikie unatoka wapi."

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Ningeweza kupiga kelele. Nilifungua kinywa, na neno likakwama, kwa sababu kusema "usipige, kuna nyuki" kulikuwa ni kusema kwamba nilijua. Nilipoteza muda nikilifikiria hilo. Koleta akakunja ngumi, akapiga mara tatu.

Sitaki kusimulia sana. Walitoka kama maji yanavyotoka bomba likipasuka. Nikamsikia Koleta akiita, si kwa jina la mtu, anaita tu. Octavian akakimbia. Alikimbia kweli, mikono masikioni, mpaka kwenye ghala, na nakiri kwamba hata wakati huo, dada yangu akiwa mle ndani, kuna kitu moyoni mwangu kilisema: si mnaona?

Kisha akageuka. Alivua koti lake la kanisani akikimbia, akafungua mlango, akaingia mwili mzima kwenye kile kigari cha kipuuzi. Mkanda ulikuwa umekwama. Alilala juu ya Koleta akiufungua, amemfunika kichwa kwa koti, na yeye kichwa chake wazi, shingo wazi, nyuki wamemjaa mpaka nywele hazionekani. Mama alinipita na kijinga cha moto na majani mabichi, mama wa miaka sabini na tatu, akapuliza moshi akiwakemea nyuki kwa Kinyamwezi. Wakamtoa Koleta wawili wao, wakamkokota mpaka ndani.

Mimi nilikuwa bado nimesimama palepale, mtoto wa mfuga nyuki. Hakuna nyuki hata mmoja aliyenidunga.

Jirani yetu Masele aliwapeleka hospitali ya Kitete na pikapu yake, na wakalazwa. Jumatatu asubuhi nilikwenda kuwaona. Octavian alikuwa ameketi pembeni ya kitanda cha Koleta, uso umevimba hauna umbo, na masikio yake, yale masikio, yamekuwa manene kama maandazi. Aliponiona alijaribu kutabasamu.

"Ongea kwa nguvu, shemeji," alisema kwa sauti kubwa mpaka wagonjwa wakageuka. "Yameziba. Daktari anasema yatazibuka, nami nangoja. Kosa ni langu, niliacha vioo wazi. Wewe kazi yako ilikuwa safi kabisa."

Nilitafuta dharau yangu ili inisaidie, sikuipata. Nikasema pole. Akanishukuru kwa kuja, akainuka taratibu akaenda kuchukua dawa.

Koleta alikuwa na jicho moja tu linalofunguka. Alinitazama kwa hilo.

"Nilipoingia kwenye gari nilisikia harufu ya nta," alisema. "Nikamkumbuka baba. Nikafurahi, nikajua umetumia ile yake. Nikasema, kumbe kaka amemkubali."

Nikainyoosha shuka yake miguuni.

"Mama anasema ulikuwa barazani muda wote."

"Nilikuwa barazani."

"Uliwaona wakiingia?"

Ningeweza kusema sikuwaona. Nimedanganya wateja miaka kumi na tisa bila kupepesa macho.

"Niliwaona," nilisema.

Alifumba lile jicho. Nikadhani amelala, na nilitamani awe amelala. Kule dirishani kwa dawa nilimsikia Octavian akimwomba muuguzi arudie alichosema, na akimwomba radhi kwa kumsumbua.

"Watoto nitawachukua likizo zote," Koleta alisema. "Wao hawana kosa. Harusini usije."

"Koleta."

"Yeye sitamwambia. Akiuliza kwa nini hukuja, nitasema ulizidiwa na kazi. Ataamini, kaka. Anakuheshimu sana."