Maji Yaliyomwagwa Nyuma ya Nyumba

Mtoto wa Varvara alianza kulia kabla theluji haijaanguka, na ilipoanguka alikuwa bado analia. Sijapata kuona kichanga chenye pumzi kama ile. Akinyonya, analia. Akibebwa, analia. Kule mjini kwa baba yake walimwandikisha jina zuri tu la Kirusi, Larisa, lakini kila ukimwita Larisa alikunja uso kama mtu aliyetukanwa. Sisi Wakoryak, wafugaji wa kulungu wa huku kaskazini, tunajua maana yake. Mtoto hazaliwi mgeni. Ni mtu wetu aliyekwenda kwa wafu akarudi, na anataka aitwe kwa jina lake. Ukimwita kwa la mwenzake, hulali.

Wa kwenda kumuulizia jina alikuwa mama yangu Tinavut, bibi yake Varvara. Hapa kijijini hakubaki mwingine anayeijua njia hiyo. Hula ule uyoga mwekundu wenye madoa meupe, ukiwa umekaushwa vizuri, na Watu wa Uyoga humjia, wafupi, hawana shingo, wakamshika mkono wakampeleka kwa marehemu. Akirudi, anarudi na jina. Langu mimi lilikuja hivyo hivyo. Ila kiangazi cha mwaka huu kilikuwa cha mvua mbaya, uyoga ukaoza porini, na mama akabakiwa na kamba moja tu ya uyoga mkavu, iliyoning'inia juu ya jiko.

Tukapanga siku. Mume wa Varvara yuko baharini kwenye meli ya uvuvi, kwa hiyo upande wao angekuja mama yake, Yevdokia, muuguzi wa mjini, akiletwa na mzee Kavav mchunga kulungu kwa sleji yake, gari lisilo na magurudumu linalovutwa na kulungu juu ya theluji. Na hapo ndipo Varvara alipopatwa na ugonjwa usio na dawa, ugonjwa wa kuona haya kwao.

"Mama mdogo," akaniambia, "yule mama ni muuguzi. Ana koti la dukani, ana meno ya dhahabu. Bibi akianza kuyumba na kuongea na watu wasioonekana mbele yake, uso wangu nitauweka wapi?"

"Uache hapo hapo ulipo," nikamjibu. "Na huo uso wenyewe umeurithi kwa huyo bibi."

Alicheka, nami nikadhani yamekwisha. Kesho yake nilipita kwake, anakokaa na bibi yake, nikakuta sufuria kubwa inatokota, madirisha yote yamejaa mvuke.

"Unapika nini tena, mwanangu?"

"Nepi za mtoto, mama mdogo."

Nikajiendea zangu. Nepi! Na mimi nina pua, ila siku hiyo sikuitumia.

Siku yenyewe ilipofika, wageni waliingia asubuhi, jua likiwa limekwisha kupanda. Yevdokia alivua viatu, akamsalimia mama kwa adabu, akakaa chini kwenye ngozi kama sisi sote, miguu ameikunja. Tukanywa chai, tukala samaki mkavu na matunda yaliyopondwa na mafuta ya sili wa baharini. Mama alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, na macho yake, ambayo siku hizi yanaona vivuli tu, aliyaelekeza pale mtoto alipokuwa akilia. Alikuwa na furaha. Siku nyingi watu hawajamhitaji.

Kwa vile hana meno, mimi ndiye niliyemtafunia. Ndiyo desturi: unatafuna bila kumeza, unafinyanga kidonge, unampa mlaji. Nilipotia uyoga kinywani nikaona hauna ule ukali wake. Ulikuwa kama gome la mti lililolala mtoni. Nikasema moyoni, labda ni wa zamani. Mama akameza vidonge vyote, akafumba macho, akaanza kuvumisha wimbo wake.

Tukangoja. Chai ikapoa, tukamimina nyingine, nayo ikapoa. Wimbo wa mama ukawa unapungua, ukakatikakatika, mwisho akanyamaza.

"Hawaji," akasema.

"Ngoja kidogo, mama," nikamwambia.

"Nimengoja. Wamenikataa."

 Kwetu, mtu wa rika lake akikataliwa na Watu wa Uyoga, maana yake ni moja tu. Hawampeleki kutembea huko kwa sababu yu karibu kuhamia. Niliona mashavu ya mama yakiwaka kwa aibu, mwanamke aliyeitia majina nusu ya kijiji hiki, sasa amekaa mikono mitupu mbele ya mkwe. Akaniomba mfuko wake wa ngozi. Nilijua kilichomo. Ni nguo zake za kuzikiwa, za ngozi nyeupe ya kulungu. Kila mzee anazo, na kila mzee huacha mkono mmoja bila kushonwa, kwani nguo ikikamilika humwita mwenyewe kwa wafu.

"Nipe sindano."

"Mama, acha bwana."

"Nipe sindano, binti yangu. Nimeaibika hapa mbele ya wageni, inatosha. Nisije nikaaibika na huko, nikafika na nguo ya mkono mmoja."

Akaanza kushona kwa kupapasa, haraka haraka, vidole vinaona kuliko macho. Yevdokia aliinama akitazama mikono yake mwenyewe. Varvara alikuwa kando ya jiko, mtoto begani, macho sakafuni. Kama alikuwa na neno, hapo ndipo palikuwa mahali pake. Hakulisema.

Tukasikia Kavav anapiga kelele nje, nasi tukakimbilia mlangoni. Kulungu wake mkubwa mweupe, yule wa mbele kwenye sleji, alikuwa amekata kamba akaenda nyuma ya nyumba. Analamba theluji, anainua kichwa, anatembea upande upande, anapiga magoti, anainuka, anakifukuza kitu ambacho sisi hatukioni.

"Ee mama Tinavut!" Kavav akapaaza sauti huku akijishika mbavu. "Watu wako wamekosea mlango! Wamempanda kulungu wangu!"

Watu walicheka, hata mimi nilicheka. Kisha kicheko kikamkauka Kavav mwenyewe. Akainama, akachota theluji pale alipokuwa akilamba yule mnyama. Ilikuwa na rangi ya manjano iliyoiva. Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba uyoga ule haupikwi, kwa kuwa ukiuchemsha, Watu wake wanatoka na maji.

"Nani amemwaga maji ya uyoga hapa?"

Mficha maradhi kilio humfichua. Ile sufuria ikanijia, na mvuke wake, na hizo nepi. Nikamgeukia Varvara. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. Nikafungua kinywa, na mimi nikifungua kinywa hata mume wangu hutafuta kofia yake. Lakini mama alinitangulia, kutoka ndani, bila kuacha kushona.

"Ni mimi. Nilimwagiza mjukuu wangu auchemshe kidogo, moyo wangu siku hizi hauwezi ule mkali. Tukapitiliza. Ujinga wa uzee huo, nisameheni."

Hakuna aliyesadiki. Tinavut kuchemsha uyoga! Ni kama kusema Kavav amemfunga kulungu nyuma ya sleji. Lakini nani atamwambia mzee kuwa anasema uongo? Tukarudi tukakaa. Jamani, nimewahi kuona aibu, ila ile ya kumwona mama yangu akijifanya mpumbavu ili mwingine apone, sikuwa na pa kuiweka.

Yevdokia akatoa leso mfukoni, akaifungua taratibu. Ndani mlikuwa na ushanga mmoja wa buluu, wa kale.

"Nililetea Watu wa Uyoga zawadi," akasema. "Ulikuwa wa bibi yangu. Na yeye alikuwa akienda huko kwa marehemu, zamani. Tangu afe sina wa kumtuma. Nilitaka mtoto apate jina lake mwenyewe, na nilitaka mama Tinavut aniulizie kama bibi yangu hajambo."

Aliangalia pa kuuweka. Hakuona. Akaufunga tena kwenye leso.

"Ni mimi, mama," Varvara akamwambia. "Bibi hakuniagiza. Nilikuonea haya wewe."

"Mimi?" Yevdokia akajitazama, koti lake, soksi zake. "Mimi, mwanangu?"

Afadhali angetukana. Kavav alipofanikiwa kumtuliza mnyama wake, wakaondoka. Yevdokia alimkumbatia mama muda mrefu, ila kwa Varvara akanyoosha mkono tu.

Tulipobaki wenyewe Varvara akapiga magoti.

"Bibi, nisamehe."

"Mimi nilishakusamehe. Hao wengine sijui." Mama akanyoosha kidole juu ya jiko, kwenye kamba tupu. "Uyoga utaota mwakani, Kunguru Mkuu aliyetuumba akipenda. Nani atakwenda? Mimi nimebakiza mishono michache."

Akampa nguo, mkono wa ngozi nyeupe ukiwa karibu kukamilika.

"Wewe una macho. Fumua. Fumua wote, ili nguo isiniite kabla sijamuulizia huyo jina."

Mishono ya mama ni midogo, ya uzi wa kano, imekazwa. Varvara aliishika moja moja kwa ncha ya kisu, akiogopa kuchana ngozi, machozi yanamdondokea mikononi na hana mkono wa kuyafuta. Sikumsaidia. Mtoto akaanza tena kulia kitandani. Varvara akainua kichwa, akafungua kinywa amwite, akakosa jina la kumwita. Akainamia tena mishono.