Radhi Chini ya Mnara

Amne Khatibu aliijua Dubai kuliko watu wengi wanaoishi Dubai, na hajawahi kuikanyaga hata siku moja. Mpe mteja, umwone. Atamkalisha mbele ya meza yake pale kwenye ofisi ya safari, ghorofa ya pili, mtaa wa Grey, katikati ya Durban, na hapo hapo kwenye kiti atamtembeza. Asubuhi Burj Khalifa, kabla foleni haijawa ndefu. Halafu shuka dukani ukatazame papa nyuma ya kioo. Jioni chemchemi zinazocheza muziki, kesho yake vuka mto kwa kiboti mpaka soko la dhahabu, na usinunue duka la kwanza, zunguka kwanza. "Vaa viatu vya kufunga," humalizia. "Kandambili zitakuua, marumaru zile hazina mwisho." Wateja hutoka wakisema dada huyu kakaa kule miaka.

Yarabi, laiti angekuwa anawadanganya wateja peke yao!

Nyumbani Unguja, mtaa wa Jang'ombe, mama yake Bi Saumu alikuwa anajua mwanawe yuko Dubai. Mwaka wa sita huu. Walimuaga kwa maulidi na pilau la sufuria mbili, wakala kamwahidi kazi ya hoteli. Kufika Dar es Salaam, wakala akayeyuka na pasipoti yake. Sasa rudi Jang'ombe, baada ya vigelegele vile? Thubutu! Amne na msichana mwenzake aliyetupwa na wakala huyo huyo walidandia mabasi ya kusini, njia za panya, nchi hadi nchi, mpaka Durban. Siku aliyopata simu ya kuazima akapiga nyumbani akasema, "Mama, nimefika." Hakusema kafika wapi. Mama ndiye aliyemalizia, akashangilia, akawatangazia majirani. Na nani Jang'ombe anayejua namba za Dubai zinaanzaje?

Mambo yakaenda hivyo hivyo, mpaka mwezi uliopita Bi Saumu alipopiga simu anacheka na kulia kwa pamoja. Jina lake limetoka kwenye orodha ya msikiti! Umra aliyoingoja miaka tisa, anakwenda na kundi la msikitini, watu thelathini na wawili, na ndege inapita Dubai. Watalala usiku mmoja, watatembezwa, kisha Jeddah.

"N'nakuja kwako mwanangu! Safari hii huna pa kukimbilia!"

Amne akasema alhamdulillahi, akakata simu.

Alikuwa na mwezi mzima wa kusema kweli, na hakusema. Jiweke mahali pake kabla hujamhukumu. Kwenda Dubai kweli kweli hakuweza. Alichonacho ni karatasi ya muomba ukimbizi, inayomruhusu kukaa, kufanya kazi na kupanga chumba chake kule Berea. Ukivuka nayo mpaka, imekufa, na kurudi huwezi. Kutwa anawakatia watu tiketi za dunia nzima, na yeye mwenyewe hawezi kufika hata Maputo.

Jana ilipita kwa ujanja. Alisema bosi kamkatalia ruhusa, akamwongoza mama kwa simu, macho kwenye kompyuta. "Geuka kulia, mama. Unaliona duka la saa? Lipite. Sasa ngazi za umeme, shikilia pembeni." Bi Saumu alikuwa anawatambia wenzake kwa sauti, makusudi Amne asikie. "Mnamsikia? Mji wote uko kiganjani mwake!" Amne alicheka naye, na akajichukia kwa kucheka.

Leo simu ililia saa sita na robo mchana, ana wateja wawili mbele yake, bwana na bibi harusi watarajiwa, wanabishania ngamia. Akaomba samahani, akampa ishara mwenzake wa kazi, Bernadette, mama mmoja wa Bukavu. Akaingia chumba cha nyuma. Kile si chumba, ni stoo. Maboksi ya vipeperushi, friji, msala umekunjwa, dirisha hakuna.

Namba ilikuwa ya mama, sauti siyo. Ilikuwa ya Ustadhi Pandu, kiongozi wa kundi.

"Amne, binti yangu, njoo upesi. Mama yako kakaa chini ya mnara wa Burj Khalifa na hataki kunyanyuka. Huku saa nane na robo. Saa nane na dakika arobaini basi linaondoka kwenda uwanja wa ndege, na visa zetu zinakwisha leo. Nikimwacha, ndio kaachwa, na Umra hana."

"Mpe simu, Ustadhi."

Bi Saumu alikuwa ametulia tuli, na utulivu wa mama yake Amne aliuogopa kuliko makelele.

"Nakungoja, mwanangu. Nimekaa kwenye kibaraza cha mawe, upande wa maji. Nimevaa buibui jipya."

"Mama, panda basi. Kazini hawanitoi."

"Waambie nina neno moja tu na wewe."

Neno lenyewe Amne alilijua. Kwao mtu hendi kwenye Nyumba ya Mungu hivi hivi. Hupita kwanza mlango kwa mlango kuomba radhi. Kama nilikusema, kama nilikuudhi, nisamehe. Bi Saumu alishaimaliza Jang'ombe nzima, hata kwa jirani aliyegombania naye ukuta mpaka wakafikishana kwa sheha. Alikuwa amebaki mmoja, na huyo alimweka wa mwisho ili waombane radhi ana kwa ana, mkono ndani ya mkono.

"Niombe hapa hapa kwenye simu, mama."

"Radhi za simu nimewaomba walioko Muscat. Wewe uko hapa, uvuke barabara tu. Usipokuja sipandi. Nikakae mbele ya Al-Kaaba na deni la mwanangu kifuani? Hata!"

Hana mzaha, mama yule. Amne alimjua. Mwanamke aliyewahi kukaa siku mbili mlangoni kwa mwalimu mkuu mpaka mwanawe akarudishwa darasani, atashindwa kukaa Dubai? Miaka sitini na mitatu, magoti mabovu, peke yake katikati ya watalii, basi limeondoka. Ukuta wa mbele maboksi, wa nyuma friji.

Mlango ukagongwa. "Amne," akasema Bernadette, "hawa watu iko na haraka, na mimi sijue mambo ya ngamia, eish!"

"Waambie dakika tano."

Ndipo adhana ya Adhuhuri ikapanda kutoka msikiti wa mtaani, vipaza sauti vyote, ikapenya ukuta na kuingia kwenye simu. Bi Saumu akaisikiliza.

"Amne. Adhana gani hiyo?"

Amne akaiziba simu kwa kiganja, kachelewa.

"Sisi huku Adhuhuri tumeswali zamani. Bado kidogo Alasiri. Uko wapi weye?"

Uongo alikuwa nao tayari, umeshakaa ulimini. Ni saa ya ukutani, mama, ile inayoadhini, imekosa majira. Mama angeamini, ameamini makubwa kuliko hayo. Angeamini, na angeendelea kukaa pale kwenye mawe.

"Siko Dubai, mama."

"Umetoka leo?"

"Sijafika. Tangu mwanzo sijafika. Niko Durban, Afrika Kusini. Wakala alinitupa Dar, nikaona haya kurudi. Usinigoje, hata ukae mpaka kesho sitatokea. Panda basi, nakuomba."

Kule kulikuwa na watoto wanapiga kelele na mtu anauza maji kwa Kiingereza.

"Na jana? Zile ngazi za umeme?"

"Nilikuwa natazama kwenye kompyuta."

Bi Saumu akatoa cheko fupi, kavu. "Subhanallah. Nimewatambia watu wazima, kumbe natembezwa na asiyepajua!"

"Nisamehe, mama."

"Ngoja. Usinitangulie, mimi ndiye niliyekuja na langu." Akashusha pumzi. "Mwaka ule wa kwanza ulinipigia unalia. Ukasema, mama, nataka kurudi nyumbani. Nami nikakwambia usirudi, vumilia, watu watasema nini, na nyumba hata bati haijapanda. Unakumbuka?"

Kama anakumbuka! Ilikuwa Jumapili. Jumanne yake alfajiri alikuwa kwenye foleni ya ukimbizi, kwa sababu nyumbani kumeshafungwa. Mama angesema neno moja tu, rudi, Amne angetembea kwa miguu.

"Nakumbuka."

"Nimeezeka kwa pesa zako, Amne. Kila mvua ikinyesha juu ya bati lile nakusikia unalia. Nisamehe mwanangu."

Angeweza kuitikia hapo hapo, mambo yakaisha. Basi lingejaa, mama angekwenda, na lile lingine lingebaki limefukiwa. Lakini mtu anakwenda kusimama mbele ya Mola wake kwa kuamini kamaliza yote. Amne hakuweza.

"Na mimi nina langu. Hii karatasi ninayokalia huku, kuipata walitaka kujua nina nani nyumbani. Mwenyeji mmoja aliniambia, sema huna mtu, mwenye mama ana pa kurudi." "Niliwaambia umekufa."

"Nani?"

"Wewe, mama. Na kila wakiuliza tena, nasema hivyo hivyo. Miaka mitano."

"Nimekufa na nini?"

"Moyo."

"Na ulinizika wapi?"

"Hawakuuliza."

Ustadhi Pandu alisikika kwa nyuma. "Bi Saumu, dereva kawasha gari. Dakika tatu. Kwa ajili ya Mungu."

"Nasikia, Ustadhi, sijafa," akasema Bi Saumu. Kisha kwa Amne, taratibu, "Nimekusamehe. Ya jana, ya karatasi, yote. Imeniuma, sikufichi, imeniuma hapa. Lakini nimekusamehe. Na mimi?"

"Nimekusamehe, mama."

"Kwa moyo?"

"Kwa moyo."

Nusu ilikuwa kweli. Nusu nyingine aliisema kwa sababu basi lilikuwa linanguruma, na mambo ya ndani hayaendi kwa ratiba ya uwanja wa ndege.

Akamsikia mama ananyanyuka, anaguna, anatembea. Kandambili zinapiga marumaru. Hatua kama kumi, zikasimama.

"Nijibu moja tena, na usiniongopee, natoka kuombana radhi na wewe sasa hivi. Nikifa kweli, utakuja?"

Amne alifumba macho. Alitafuta mlango, dirisha, tundu lolote la kutokea. Hakuliona.

"Hapana, mama. Siwezi kutoka."

"Haya," akasema Bi Saumu. "Ustadhi, nishike mkono, ngazi hizi ndefu."

Simu hakuikata. Bi Saumu hakati simu, huitia mkobani tu na kuiacha ijifie. Amne akaketi juu ya boksi, simu sikioni. Akasikia mlango wa basi unafungwa, wanawake wanasogeleana, mtu anapitisha tende. Basi likaondoka. Hapo akalia, bila sauti, mkono mdomoni, Bernadette asisikie.

Mwanamke mmoja kule ndani ya basi akauliza kwa furaha, "Enhe, Bi Saumu, mwanao umemwona?"

"Nimemwona," akasema mama yake. "Hajambo. Kanenepa."