Tuta Penye Mwaloni

Jumapili moja ya Septemba, jua likiwaka na ngano ikiwa imeshaingia ghalani, watu wa kijiji cha Les Aulnes walipanda kutoka kule chini mtoni kuja misani wakiwa wameloa hadi magotini. Walikaa viti vyao vya nyuma, wakachuruzika maji. Padri alimwaga vumbi la mbao sakafuni, akaendelea kuhubiri.

Jumapili iliyofuata walikuwa wameloa hadi kiunoni. Mvua haikuwa imenyesha hata tone.

"Punguzeni kuoga basi, jamani!" Gaspard mwenye kinu cha kusagia aliwatania mlangoni, na sisi wa kijiji cha juu tukacheka. Zélie hakucheka. Binti yake, Solange, alikuwa ameolewa Les Aulnes, na pale mlangoni alikuwa anakamua sketi yake.

Zélie alijua, na sisi sote tunajua. Mto ukifurika, wanaume wa juu hukata tuta la kuzuia maji penye mti wa mwaloni, maji yakaenda Les Aulnes, maghala yetu yakapona. Babu zetu walifanya hivyo. Mwaka huu sepetu alikabidhiwa Firmin, mume wa Zélie, baba yake Solange.

"Firmin, usikate," Zélie alimwambia mezani. "Mtoto wetu yuko kule."

"Nani kasema nitakata? Mto wenyewe umekauka."

"Sasa sepetu unainolea nini?"

Firmin aliomba mkate.

Oktoba Solange alikuja kusalimia. Safari hii hata nywele zilikuwa zimeloa, na kila akicheka maji yalimtoka puani. Zélie alimkalisha karibu na jiko, akamkausha nywele kwa taulo. Zikaloa tena. Akazikausha tena.

"Lala hapa leo, mwanangu. Nakuomba."

"Ebo, Mama! Na ng'ombe wangu nani atawakamua? Si maji tu haya."

Akateremka zake. Mvua ilianza kabla hajafika kwake, nayo haikukatika. Kengele ya mafuriko ilipolia, Firmin alichukua sepetu. Karibu na jiko, pale alipokaa Solange, palikuwa bado hapajakauka, naye akapazunguka.

"Papanguse hapa," alisema. "Mtu atateleza."

Zélie alimshika mkono. Firmin aliutoa taratibu, akaenda kwenye tuta.

Jumapili kulipambazuka kweupe. Gaspard alisema hakuna gunia hata moja lililoharibika, na padri akatoa shukrani. Zélie alikaa nyuma peke yake, kwenye kiti cha Solange, taulo mapajani. Alikipapasa kiti kizima, halafu na kile cha jirani. Vyote vilikuwa vikavu.