Siku Niliyomlisha Mkaguzi

Mimi si mtu wa kulala mchana, na nyumbani kwangu wanajua jinsi ninavyowasema wanaolala mchana. Lakini siku ile, gari la mkaguzi lilipokwisha kushuka mlima, nilijitupa kwenye kochi na viatu miguuni, tumbo limejaa nyama na moyo umegoma kutulia, nikapitiwa na usingizi. Niliyoyaona usingizini nitayaeleza bila kujipamba, maana siku hiyo nilikuwa nimejipamba vya kutosha.

Kwanza niseme yaliyotangulia. Nina bwawa langu mwenyewe, nililolijenga miaka kumi na miwili iliyopita kwa kukinga kijito na tuta la udongo, ili nipate kumwagilia nyanya na vitunguu wakati wa kiangazi. Chini ya tuta, karibu kiasi cha kusikia mtu akikohoa, anakaa jirani yangu Mama Ndekirwa, mjane anayelea wajukuu wanne. Wiki moja kabla ya siku hiyo alikuja kuniambia kwamba maji yanatoka kwenye kitako cha tuta, tena si maangavu, yana rangi ya chai ya maziwa. Nikamwambia hiyo ni chemchemi, amshukuru Mungu. Nilijua fika kwamba si chemchemi. Maji yakitoka na udongo, udongo huo yanautoa ndani ya tuta lenyewe, na hilo nilielezwa siku niliyopewa kibali. Nilijua hata chanzo chake, kwa kuwa ni mimi niliyemwagiza Loishiye, mtunza bwawa wangu, azibe kwa viroba vya mchanga ule mfereji wa pembeni unaotoa maji yanapozidi. Nilitaka bwawa libebe zaidi ya kipimo lilichopimiwa.

Basi ofisi ya maji ilipotuma taarifa kwamba mkaguzi anakuja, mimi na Loishiye tulibeba samadi na majani makavu tukapafunika pale panapovuja, tukafunga ndama wawili juu yake, paonekane ni zizi. Kwetu mgeni hapelekwi shambani na njaa. Analishwa kwanza, kisha anaonyeshwa alichokuja kukiona. Ni desturi nzuri, nami niliigeuza mtego. Nilichinja beberu, nikawaita wanawake wa jirani waje kusaidia kupika, Mama Ndekirwa akiwa mmoja wao, na kila mkaguzi huyo, Bwana Kihwele, alipotaka kunyanyuka nilimwongezea supu. Saa nane mvua ikaanza. Akalitazama bwawa kutoka barazani akaniuliza, "Mfereji wa maji ya ziada uko wazi, mzee?" Nikamjibu, "Uko wazi, Bwana Kihwele. Utaloa bure." Akapangusa vidole, akatia saini fomu yake ya ukaguzi, akaondoka akinishukuru.

Ndipo nikalala, na katika ndoto nikajikuta natembea katika nchi nisiyoijua, nchi ya tuta moja refu lisilo na mwisho, upande mmoja maji yamesimama juu kuliko mapaa ya nyumba, upande wa pili bonde lenye moshi wa mapishi na nguo zilizoanikwa. Nyuma yangu alikuwa anatembea mwanamke mwembamba mwenye tope hadi magotini, ameshika fimbo ya kupimia kina. Nikadhani ni kibarua, nikamwambia anitangulie anionyeshe njia. Akasema, "Mimi sitangulii mtu. Naitwa Aibu, na kazi yangu ni kufuata nyuma mpaka mtu ageuke. Nimekufuata wiki nzima. Tembea, utazame, na usiniulize neno ambalo wewe mwenyewe unalijua." Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo lilinitia woga kuliko kama angenikemea.

Tukafika mahali ambapo mtu mnene, mcheshi, alikuwa anapanga viroba kwenye mdomo wa mfereji, akiimba. Jina lake Tamaa. Alinipungia mkono kwa bashasha kama tunavyopungiana na ndugu wa toka nitoke, akasema, "Kiroba kimoja tu, halafu basi." Nilihesabu akiyasema hayo mara saba. Mbele kidogo palikuwa na binti mwepesi wa mikono aitwaye Hila, anasambaza samadi juu ya nyufa za tuta na kuipapasa kwa kiganja kwa upole, kama mama anayempaka mtoto mafuta. Nikataka kumsifu kwa ustadi wake, kisha nikaona kwamba amevaa shati langu, lile la kanisani, na doa la supu ya asubuhi likiwa bado kifuani. Nikajifunika kifua kwa mikono, nikajikuta sina shati. Nilitembea safari yote iliyobaki tumbo wazi, na Aibu hakunipa hata kipande cha kanga.

Katikati ya tuta palikuwa na kiti kikubwa chenye mto wa kukalia, na juu yake ameketi mtu mwenye macho makali ambayo sijapata kuona mfano wake, macho yanayoweza kuona mchwa ndani ya ukuta. Huyo alikuwa Ukaguzi. Kiti chake kilikuwa kimegeuzwa, kikaupa mgongo ule ufa na kutazama vilima. Mbele yake alipiga magoti mwanamke mzuri wa sura, amebeba sinia, na kifundo chake cha mguu kimefungwa kamba ya ndama. Alikuwa analia huku anaandaa. Nikauliza amefungwa kwa kosa gani, na Aibu akanijibu, "Huyu ni Takrima. Hajakosa. Amelisha wasafiri na wenye njaa tangu babu zenu, na kila nyumba ilimheshimu. Wewe ndiye wa kwanza kumtuma amshike mtu aliyekuja kuokoa watu. Tazama mikono yake." Nikatazama. Ilikuwa na makovu ya moto niliyoyafahamu, maana asubuhi ile ile niliiona ikikoroga sufuria jikoni kwangu. Ilikuwa mikono ya Mama Ndekirwa.

Nikasema kwa kujitetea, "Bwawa ni langu. Hati ninayo, na jasho ni langu." Aibu akakaa chini kwenye majani yenye maji, akanionyesha bonde kwa fimbo yake. "Hakuna anayekunyang'anya," akasema. "Maji ni yako, tuta ni lako, hata kile kiroba cha mwisho ni chako. Lakini uzito wake unawalalia wale, nao hawakuulizwa. Ndiyo maana anatumwa mtu wa kutazama kwa niaba yao. Ulipomgeuzia kiti, uliwafumba macho watu ambao walikuwa wamemwazima yeye macho yao." Chini kule nikamwona mama akiwaogesha watoto wanne kwenye beseni, mgongo wake ukiwa umeelekea tuta, bila wasiwasi. Nilikuwa sijamaliza kumtazama pale samadi ilipotikisika, na maji ya rangi ya chai yakaanza kuchuruzika miguuni pangu, kisha yakatoka kwa nguvu. Nikataka kumwita yule mama akimbie. Kinywa changu kilikuwa kimejaa nyama. Nilitafuna, nikatafuna, na kila nilipomeza nyama ilizidi, na yule mama aliendelea kuwasugua watoto migongo.

Niligutuka nikihema, jua bado halijazama, mvua imekatika. Sikuhitaji mtu wa kunifasiria. Nilikuwa nimeona aibu kabla ya hapo, lakini ile ya kuogopa kujulikana. Hii ilikuwa nyingine, ya kujijua mwenyewe, na ilinichoma usoni ingawa chumbani hapakuwa na mtu. Nikatoka mbio, nikamkuta Loishiye, nikamwambia aite watu wavute viroba vyote na kufungua koki kubwa ya bomba la shamba ili maji yaanze kupungua. Hakuuliza sababu. Alisema tu, "Afadhali, mzee," akaenda, nikatambua kwamba naye alikuwa analala na jambo hilo moyoni. Nikawafungua ndama, nikaparua samadi kwa mikono. Chini yake maji yalikuwa yanatoka mengi kuliko asubuhi, mazito.

Nikashuka kwa Mama Ndekirwa nikiwa na samadi hadi kwenye viwiko. Nilimkuta mlangoni anafunga magodoro kwa kamba, wajukuu wamevaa viatu. Nikaanza kusema kwamba nina jambo zito la kumweleza, kwamba tuta si salama, kwamba ile haikuwa chemchemi.

"Najua, Baba Anaeli," akasema, bila kuacha kufunga. "Niliwaona ndama asubuhi nilipokuwa napanda kuja kupika. Nani anafunga ndama kwenye maji?"

"Ulijua, na ukanipikia?"

"Nilipika nikingoja useme mwenyewe mbele ya mgeni. Kila ulipomwongezea supu nilisema moyoni, sasa atasema." Akalikaza fundo kwa meno. "Mimi ningesema, ungenifungia maji ya bustani. Wajukuu wanakula bustani ile."

Ningependa kuandika kwamba nilimkatalia, kwamba nilimwambia nisingefanya hivyo kamwe. Sikuweza, kwa kuwa mwaka juzi nilimfungia maji jirani mwenzake kwa kosa dogo kuliko hilo, na yeye alikuwepo. Nilibeba godoro moja, nikampandisha yeye na watoto hadi nyumbani kwangu, upande wa juu, nikawapa chumba. Alipokwisha kuwaketisha watoto alikuja akasimama mbele yangu.

"Sasa mpigie, nikisikia," akasema.

Nikatoa simu. Bwana Kihwele alipokea akiwa bado njiani, mchangamfu, akaniuliza kama kuna kitu amesahau kwangu. Nikamwambia hakusahau kitu, mimi ndiye niliyemficha, na nikaanza kumtajia kimoja kimoja, Mama Ndekirwa akiitikia kwa kichwa kila nilipotaja, na akiniongezea kile nilichokiruka.