Joto la Nje ya Lango

"Sasa Mama Hanna, hiyo mashine italiokota wapi joto, na huko nje mate yanaganda kabla hayajafika chini?"

Ndivyo jirani yake, Stefan Woroniuk, alivyouliza siku pampu ya joto, mashine inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, ilipofungwa ubavuni mwa nyumba ya mjane Hanna Kostiuk, kaskazini mwa Winnipeg.

"Lipo," alijibu Rodel, fundi, akiipandisha mashine juu ya miguu ya chuma isije ikafukiwa na theluji. "Kila aliyetetemeka huko nje ameacha lake. Hii inalikusanya tu."

Hanna alifanya ishara ya msalaba, akaiwasha.

Ilifanya kazi vizuri. Kila baada ya saa moja hivi ilinyamaza ili iyeyushe barafu iliyoigandia, na katika ukimya huo sauti ya marehemu mumewe, Petro, ilitoka kwenye tundu la jikoni la kupulizia hewa ya joto: "Stefan, fungua lango. Basi halijaja."

Hanna alimpigia simu fundi.

"Si hitilafu, mama," alisema Rodel. "Wengine hupata harufu ya tumbaku tu. Usisahau kuosha vichujio kila mwezi."

Stefan alikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nyama. Majira ya baridi yaliyopita Petro, aliyekuwa mfanyakazi wa zamu hiyo, aliganda hadi kufa nje ya lango la kiwanda hicho, na karatasi yenye sahihi ya Stefan ikasema alikuwa amelewa, akakataa kungoja ndani. Petro hakuwa ameonja pombe tangu binti yao abatizwe. Hanna alitaka jambo moja tu: karatasi ile irekebishwe.

Jumapili, baada ya ibada, alimkaribisha Stefan chakula. Kando ya sahani ya pirohi, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, aliweka kalamu na karatasi mpya iliyosema Petro alifungiwa nje akiwa hajalewa.

Mashine ikanyamaza. "Stefan, fungua lango. Basi halijaja."

"Siku hizi anaongea zaidi kuliko alipokuwa hai," Stefan alisema, akijipakulia krimu chachu. "Izime hiyo, mama. Rudi kwenye jiko lako la gesi la kupasha nyumba."

"Inanitosha, jirani. Sahihi ni hapo chini."

"Nikitia sahihi sina kazi. Na lango ni amri ya wakubwa. Mpaka leo zamu ikiisha linafungwa, basi lije lisije."

"Najua. Jumapili ninazo nyingi, na kila moja nitakukaribisha."

Petro akaita tena, kwa upole, kama anayeazima koleo la theluji. Hanna akamwongezea mgeni pirohi mbili, akaisogeza kalamu karibu na mkono wake.

Stefan akafuta mdomo, akavaa kofia yake ya manyoya, akatoka, karatasi akaiacha mezani bila sahihi.