Kanga Iliyofichwa Jina

Mwantumu Shekue anasinzia adhuhuri juu ya meza ya maabara, kanga kaifunga kiunoni kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi. Kwa mara ya tatu protini yake imekataa kuingia kwenye kiini cha seli. Kaitengeneza ikarekebishe jeni mbovu ya watoto wenye ugonjwa wa damu, nayo inatangatanga nje ya kiini, inameta kijani tu chini ya hadubini. Ijumaa wakubwa wanafunga utafiti. Anafumba macho, sakafu inalegea, yumo njiani, na njia inapinda, inarudi, inamfikisha kwenye ukuta uleule wa mji uleule, malango elfu, kila lango limejaa nyuzi zinazochezacheza. Vidudu vidogo vinapenya bila kuulizwa. Yeye anasukuma, nyuzi zinamrudisha. Ana sindano na uzi mkononi. Humo ndani kuna kitu kimechanika, na asipofika kitazidi kuchanika. Wachukuzi wasio na nyuso wanampapasa mabega, kiuno, pindo la kanga, kisha wanamwacha na kumbeba mwingine. Jamani, nibebeni na mimi, nina kazi humo! Wa humu hajitaji, anajibu mmoja bila mdomo, hutajwa na alichovaa. Usinitegee vitendawili, baba, nimechoka! Mimi ni Mwantumu, miaka saba nasoma kwa ajili ya lango hili! Majina hatuyasikii, tunayapapasa. Anatamani kumzaba kibao, ila kitatua wapi, uso wenyewe haupo? Anainama kwa uchungu, ndipo anaona: asubuhi aliifunga kanga harakaharaka, maandishi ya jina lake yamekunjwa kwa ndani. Mama yake angemcheka, kanga isiyoonyesha jina ni kitambaa tu. Anaifunga upya, jina nje. Mchukuzi anapapasa herufi, anambeba, nyuzi zinawapisha kana kwamba hazijawahi kumkataa mtu. Ndani, mlinzi wa mji anambandua yule mchukuzi kwake na kutoka naye nje. Mwantumu anabaki na mpasuko, anatunga uzi.

Dada Mwantumu, amka, umelalia mchoro! Ni Fumo, mwenzake wa maabara. Mwantumu anautazama mchoro wa protini, anajipiga paji la uso. Fumo, ile alama ya kuingilia kwenye kiini tumeipachika katikati, protini ikijikunja inaimeza! Tuihamishie pembeni, ionekane nje. Leo Jumatano, dada, Fumo anamkumbusha, zimebaki siku mbili. Basi tuanze sasa hivi! Anajitazama kiunoni: jina la kanga liko nje, na anaapa asubuhi halikuwa hivyo. Fumo ananyoosha mkono kumwinua, na kabla ya kumshika, vidole vyake vinapapasa kwanza pindo la kanga. Mwantumu hathubutu kumtazama usoni.