Mgeni wa Studio ya Mama Kavuo

Mama Kavuo alipomkabidhi Rébecca ufunguo wa studio, hakumwekea masharti mengi. Taa izimwe akitoka, maji machafu yasimwagwe uani, na neno moja alilolirudia huku akimtazama machoni.

"Mutu akilala hapa, nimujue. Bwana yangu Mathe alikufiaka ku barabara ya Beni, bale batu ba pori ndio balimuua. Sitaki mutu nisiyemujua mu hii ua, mu parcelle yangu."

"Nimesikia, mama," alijibu Rébecca.

Butembo ilikuwa imejaa watu waliokimbia vijiji vya upande wa Beni, na kupata studio kama ile, chumba chenye choo na bafu humohumo ndani, chenye mlango wake peke yake, ilikuwa bahati ya kusimuliwa. Rébecca mwenyewe alikuwa mkimbizi. Alikuwa mshonaji wa nguo, na aliondoka Beni baada ya wale watu wa porini, waasi wa msituni, kuvamia shamba la kakao la baba yake, mzee Muyisa. Siku ile mzee aliuawa, na Sadrack, kitinda mimba wao, akabebeshwa gunia na kuingizwa msituni. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yao alikwenda kuishi kwa ndugu huko Musienene, na huko jina la Sadrack likaachwa kutajwa wakati wa kula, maana likitajwa tu, mama alisukuma sahani kando.

Miaka miwili ikapita. Alasiri moja, mvua ikinyesha kana kwamba mbingu imetoboka, kijana mrefu aliyevaa koti la mtu mwingine alisimama mbele ya kibanda cha Rébecca sokoni. Rébecca alidhani anajikinga mvua.

"Yaya," kijana akasema kwa sauti ya chini, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa. "Usilie. Batu batatuangalia."

Mkasi ukamponyoka Rébecca mkononi.

Sadrack alikuwa ametoroka pamoja na mwenzake. Walipofika karibu na barabara, mwenzake alitoka mafichoni huku ameinua mikono, akapigwa risasi kabla ya kusema neno. Nani aliyepiga, Sadrack hakujua. Tangu hapo aliapa kutojionyesha kwa mtu yeyote mwenye bunduki, wala kwa ofisi yoyote. "Unifiche kidogo tu, yaya. Kidogo tu."

Rébecca alimpitisha kwenye mvua ileile, watu wote wakiwa wamejifungia ndani. Alijiambia atamweleza Mama Kavuo kesho. Kesho ilipofika, alimkuta mama yule ameketi uani akipangusa picha ya marehemu mumewe. Akaahirisha. Na jambo ukiliahirisha mara moja, mara ya pili huwa rahisi zaidi.

Studio ile ikageuka mtego. Unga alinunua kipimo kilekile cha mtu mmoja, wakagawana bugali nusu kwa nusu. Maji ya choo hayakumwagwa yeye asipokuwepo. Sadrack alikohoa, kifua chake kilikuwa kibovu, kwa hiyo kila Rébecca alipotoka aliacha redio ikiimba kwa sauti, maana nyuma ya ukuta mwembamba aliishi Elsa, muuza samaki wa Kyavinyonge, mwanamke mwema lakini mwenye masikio. Godoro Sadrack alilikataa. Alilala chini ya meza ya kukatia vitambaa, mgongo ukutani, na buti zikipita barabarani alikuwa amekwisha kaa kitako kabla Rébecca hajafumbua macho.

"Redio yako inakupendaka sana," Elsa alimtania siku moja. "Hata ukiwa ku soko, inakungojea."

Rébecca alicheka.

Jumapili, katikati ya ibada, umeme ulikatika. Kinanda cha kanisa kilinyamaza, waimbaji wakaendelea kwa makofi, na Rébecca akakumbuka studio. Redio nayo imenyamaza! Aliinuka, akapita katikati ya magoti ya watu bila kuomba radhi.

Hakuwahi. Alipofika, lango lilikuwa wazi na ua umejaa watu. Mbele kabisa alikuwepo Salomon, mwendesha pikipiki wa mtaa ule, ameshika fimbo, na nyuma yake wenzake walioacha pikipiki zao zikiunguruma. Elsa alisimama pembeni, mkono mdomoni, kama mtu aliyewasha moto wa kupikia ukashika paa.

"Mimi nilisema tu kuko mutu anakohoa," alinong'ona. "Nilisema tu, Rébecca."

Mama Kavuo alikuwa amesimama mbele ya mlango wa studio, ufunguo wa akiba mkononi. Hakuwa amefungua. Alikuwa akimngojea mpangaji wake.

"Ni nani?" aliuliza.

Uongo ulimjia Rébecca haraka, tena uongo mzuri: aseme ni mpenzi wake. Wangemcheka, wangemtukana, wangetawanyika. Lakini Salomon angetaka kumwona huyo mpenzi, na makovu ya kamba mabegani mwa Sadrack yalisema yalikotoka. Akasogea, akaweka mdomo sikioni mwa Mama Kavuo, akamwambia yote.

Mama yule alimsikiliza hadi mwisho. Akafungua mlango, akaingia peke yake, akaufunga nyuma yake.

Watu wakaanza kupiga kelele. "Atoke!" Jiwe likagonga bati na kuteremka likikwaruza. Rébecca alitega sikio, hakusikia kitu. Alimwaza mdogo wake chini ya ile meza, na juu yake mjane wa mtu aliyeuawa barabarani.

Mlango ulipofunguka, Mama Kavuo aliketi kizingitini na kitenge chake cha kanisani, akauziba kwa mwili wake.

"Ni Sadrack, mutoto wa Muyisa," alisema. "Balimukamataka ku shamba ya baba yake. Nimepigia simu pasteur Lusenge na chef d'avenue, mukubwa wa mutaa. Mpaka bafike, hakuna mutu atapita hapa."

"Mama, hao ndio banatumalizaka!" Salomon alifoka. "Bwana yako mwenyewe..."

"Usinifundishe kifo cha bwana yangu."

Hapo mwanamke mmoja akajipenyeza mbele. Alikuwa Joyeuse, jirani ambaye mwanawe Éliakim alipotea njia ya Beni, asionekane tena. Aliinama, akaita kuelekea ndani: "Mwanangu, huko ulikuwa, ulionaka kijana moja anaitwa Éliakim? Mufupi, iko na pengo ya meno mbele?"

Kisha sauti ikatoka gizani: "Hapana, mama. Sikumuona. Pardon."

Joyeuse alibaki ameinama hivyohivyo. Alipojiinua alimgeukia Salomon. "Na wangu akirudi kesho, utamungojea na hii fimbo?"

Hakusubiri jibu. Aliketi kizingitini kando ya Mama Kavuo. Elsa naye akaja, akilia. Salomon aliitazama fimbo, akaiegemeza ukutani, na wenzake wakaanza kuzima pikipiki moja moja. Hadi mchungaji na chef d'avenue walipoingia, ua ulikuwa umebaki na wanawake.

Sadrack alipelekwa siku ileile, Rébecca akiwa kando yake garini, kwenye kituo huko Beni kinachopokea watoto wanaotoka msituni. Njia nzima alimshika yaya yake mkono.

Rébecca aliporudi alimwendea Mama Kavuo kushukuru. "Wasingya, mama."

"Nilimuuliza kama alikuwa pale siku Mathe alikufa," mama yule alisema bila kumtazama. "Alisema hajui, balibapitisha mu barabara mingi. Hakunidanganya. Lakini kila nikiona ule mulango, nitajiuliza. Mwezi ukiisha, utafute fasi ingine, mwanangu. Sikufukuzi na hasira."

Siku ya kuhama, Mama Kavuo alikuwa amekwenda Alimbongo kwa dada yake. Elsa ndiye aliyesaidia kubeba mashini ya kushona, akishika upande mzito. Chumba kipya kilikuwa bondeni, choo chake cha wapangaji wote.

Jioni Sadrack alipiga simu kutoka kituoni. Anajifunza ufundi wa magari, alisema, na kikohozi kimepungua. Rébecca akamweleza kwamba amehama.

"Kile chumba kiko na milango ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Sawa, yaya. Nitakuja kwanza muchana, nione fasi ya kukimbilia."